Kabla ya mashine, mwajirini mwanafizikia

Mgonjwa wa saratani akiambiwa kwamba atahitaji tiba ya mionzi, huwa haulizi mashine imetoka nchi gani. Huuliza, "Daktari, nitachomwa mara ngapi?" Akishajibiwa, swali la pili hufuata papo hapo: "Na siku hizo zote nitalala wapi?" Kwa mkazi wa Nairobi maswali hayo ni ya kupanga ratiba tu. Kwa mtu anayetoka Makutano ya Meru, ndiyo yanayoamua kama atatibiwa au atarudi nyumbani kumwachia Mungu.

Kutoka Makutano pale juu mjini Meru, barabara huteremka hadi Nkubu, ikapita Chuka na Runyenjes, ikaingia Embu, ikakata mashamba ya mpunga ya Mwea, kisha ikafika Makutano nyingine, ile ya njia panda ambapo wa Embu na wa Nyeri huachana. Hapo bado kuna Kenol na Thika. Safari nzima hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru na ile ya Embu Level 5 hutoa kemo siku hizi, na si haba. Lakini mgonjwa wa hospitali ya umma anayehitaji mionzi kwa kawaida huandikiwa rufaa ya Nairobi: ama Hospitali Kuu ya Kenyatta, ama ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, kandokando ya jiji upande wa Thika Road.

Mionzi nayo haitolewi siku moja ikaisha. Kwa miongo mingi mwanamke aliyepasuliwa titi alipangiwa vikao 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5 mfululizo. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupangiwa idadi inayokaribia hiyo, kisha huongezewa vikao vya kuwekewa chanzo cha mionzi ndani kwa ndani. Mzee mwenye saratani ya tezi dume angeweza kufika 37 na kupita. Kikao chenyewe ni dakika chache tu za kulala kitandani bila kusogea. Saa nyingine 23 na ushee za siku hiyo mgonjwa yuko mjini, akila na kulipa.

Hakuna awezaye kwenda Nairobi na kurudi Meru kila siku kwa wiki 5. Basi mtu hukodi chumba, au hujibanza kwa jamaa Githurai, au huuza ng'ombe aliyekuwa akilipia karo ya shule. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia vikao hadi kiwango chake. Hailipii nauli, wala chumba, wala majani chai yaliyokomaa shambani Embu bila wa kuyachuma, wala bodaboda iliyolala kwa kuwa mwenyewe anamwuguza mkewe jijini.

Ndiyo maana nasema maendeleo ya fizikia katika tiba ya saratani tuyapime, sisi wa upande huu wa Mlima Kenya, kwa kipimo kimoja: yamempunguzia mgonjwa siku ngapi za kulala mbali na kwake? Tukipima hivyo tutagundua kwamba mtu muhimu kuliko wote katika hesabu hii ni mwanafizikia wa tiba, mtaalamu ambaye wagonjwa wengi hawajawahi hata kumwona. Ahadi za mashine tumezisikia, na tukielekea uchaguzi wa 2027 tutazisikia tena. Mwanasiasa anayeahidi kumwajiri mwanafizikia bado sijamsikia.

Tuanze na sababu ya vikao kuwa vingi. Eksirei kali zikipita mwilini huvunja DNA ndani ya seli. Seli nzima zina uwezo mzuri wa kujirekebisha katika saa zinazofuata. Seli nyingi za saratani hujirekebisha vibaya. Ukimpa mgonjwa dozi yote kwa mpigo, utaua uvimbe pamoja na ngozi, utumbo na chochote kilicho njiani. Ukiigawa vipande vidogo vya Gray 2 kwa siku (Gray ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na mwili), seli nzima hupata usiku wa kujijenga upya, na uvimbe unazidi kudhoofika.

Ugawaji huo ulizoeleka enzi ambapo daktari hakuwa na njia ya kuona vizuri alikoelekeza mionzi. Kenyatta ilianza tiba ya mionzi mwaka 1968 kwa mashine ya kobalti, aina iliyoanza kutumika Canada mwaka 1951. Ni mashine nyofu: kipande cha kobalti chenye mionzi hufungiwa ndani ya kichwa kizito, dirisha likafunguliwa kwa muda uliopimwa, kisha likafungwa. Iliokoa maisha ya wengi duniani. Ila mwale wake una kingo zilizotawanyika, na chanzo chenyewe hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi, kwa hiyo kikao kilichokuwa cha dakika 2 huwa cha dakika 4. Mipaka ya kulenga ilichorwa ngozini kwa wino kufuata filamu bapa ya eksirei, na kwa kuwa filamu bapa haionyeshi kina, daktari aliacha ukingo mpana ili asikose. Ndani ya ukingo huo palikuwa na pafu, kibofu, wakati mwingine moyo. Dozi ya kila siku ilibidi iwe ndogo ili viungo hivyo vistahimili.

Tangu hapo mambo matatu yamebadilika. Kwanza, skani ya CT ilimwezesha daktari kuuona mwili vipandevipande na kujua uvimbe uko sentimita ngapi kutoka kwenye uti wa mgongo. Pili, kompyuta iliweza kukokotoa mionzi itakavyotawanyika katika kila tone la mwili kabla mgonjwa hajaguswa. Tatu, ikaja mashine ya LINAC, inayosukuma elektroni kwa umeme hadi zikakaribia mwendo wa mwanga, kisha ikazigonganisha na kipande cha tungsteni zitoe eksirei kali. Mdomoni mwake mna safu mbili za vibamba vyembamba, vya unene wa milimita chache, kila kimoja na mota yake. Vibamba hivyo huingia na kutoka mashine ikimzunguka mgonjwa, na mwale hupata umbo la uvimbe wenyewe. Kabla ya kupiga, mashine nyingi za kisasa hupiga picha hapo hapo kitandani kuhakikisha kwamba mtu amelala kama alivyolala siku ya kupanga.

Ukipunguza mionzi inayoangukia nyama nzima, unaweza kuongeza dozi ya siku moja, na ukiongeza dozi ya siku moja, idadi ya siku inashuka. Hapo ndipo fizikia inapomfikia mtu wa Makutano. Kwa saratani ya matiti iliyogunduliwa mapema, vikao 15 kwa wiki 3 vimekuwa kawaida Uingereza kwa miaka mingi sasa. Mwaka 2020 utafiti wa huko uitwao FAST-Forward, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,000, ulionyesha kwamba hata vikao 5 katika wiki moja, Gray 26 kwa jumla, vilizuia saratani kurudi vizuri kama vile 15. Kwa tezi dume, vikao 37 vimeshuka hadi 20 katika hospitali nyingi duniani. Kwa saratani za kichwa na shingo, utafiti ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, katika nchi zenye uhaba wa mashine kama zetu, ulionyesha mwaka 2023 kwamba vikao 20 vilifanya kazi sawa na 33. Na mzee ambaye saratani imemwingia mifupani, anayelia kwa maumivu ya nyonga, mara nyingi hupata nafuu kwa kikao kimoja tu cha Gray 8, nafuu ile ile anayoipata aliyechomwa mara 10.

Mzee huyo akitoka Maua asubuhi, anaweza kurudi kwake kesho yake. Kama hospitali ina ratiba ya zamani, atakaa Nairobi wiki mbili kupata matokeo hayo hayo.

Hesabu hii inaigusa foleni pia. Wanawake 3 wakipangiwa vikao 25 kila mmoja, wametumia nafasi 75 za mashine. Kwa vikao 15, nafasi hizo 75 zinatosha wanawake 5. Kenya, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2022, hupata wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 kwa mwaka, na zaidi ya 29,000 hufariki. Karibu nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani katika matibabu yao. Nchi yenye mashine chache haina njia ya haraka zaidi ya kuongeza nafasi kuliko kutumia vizuri zile ilizo nazo.

Lakini si kila mgonjwa anafaa ratiba fupi. Wengi wetu hufika hospitalini uvimbe umeshakomaa, na uamuzi ni wa daktari wa saratani anayemjua mgonjwa wake. Kuna sharti jingine ambalo wanasiasa hulisahau. Dozi ya siku moja ikiwa kubwa, kosa dogo nalo linakuwa kubwa. Katika vikao 25, siku moja iliyoharibika ni sehemu moja ya 25. Katika vikao 5, ni moja ya tano ya tiba nzima. Kwa hiyo ratiba fupi inawezekana pale tu ambapo kuna mtu anayehakikisha kila siku kwamba Gray iliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo iliyoingia mwilini.

Mtu huyo ndiye mwanafizikia wa tiba, na kazi yake huanza kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Yeye au msaidizi wake huweka chini ya mashine kifaa cha kupimia chenye kijichumba kidogo kama ncha ya kidole. Ndani ya kijichumba hicho mna hewa tu. Mashine ikipiga, mionzi huitia hewa hiyo chaji ya umeme, na chaji hiyo ndiyo inayosomwa na kugeuzwa kuwa Gray. Sasa, hewa ikiwa nyepesi, chaji hupungua hata kama mionzi ni ile ile. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, tofauti hiyo ni ndogo. Mji wa Meru uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako kanieneo ya hewa iko chini kwa takriban asilimia 15. Asiyesahihisha ataona mashine yake ni dhaifu, ataongeza muda wa kupiga, na kila mgonjwa atakayelala pale atazidishiwa dozi kwa kiasi kinachokaribia hicho. IAEA imeshaeleza kisa cha namna hiyo katika hospitali zilizo kwenye miinuko, ambazo zilichukua kipimo cha hewa kutoka uwanja wa ndege bila kujua kwamba viwanja vya ndege hurekebisha takwimu zao zilingane na usawa wa bahari. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni kuzidisha na kugawanya.

San José, Costa Rica, mwaka 1996, chanzo cha kobalti katika hospitali moja kilibadilishwa kikawekwa kipya. Katika kukipima, muda ulioandikwa 0.3 ya dakika ulichukuliwa kuwa ni sekunde 30. Mwanafunzi wa darasa la sita anajua kwamba 0.3 ya dakika ni sekunde 18. Kwa kosa hilo chanzo kipya kilionekana dhaifu kuliko kilivyokuwa, muda wa kuchoma ukarefushwa, na wagonjwa 115 wakapata dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu kabla ya mtu kugundua wiki kadhaa baadaye. Baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Palikosekana mtu wa pili wa kurudia hesabu.

Mkulima wa kahawa wa Embu au Meru analielewa jambo hili bila kuelezwa. Mizani ya kiwandani ikiwa haijakaguliwa na kupigwa muhuri, hata ing'ae namna gani, haiamini. Mwanafizikia wa tiba ndiye mkaguzi wa mizani ya mionzi, na muhuri wake huisha nguvu jioni ile ile.

Naye pia hukaguliwa. Tangu 1969, IAEA pamoja na Shirika la Afya Duniani hutuma kwa posta vidude vidogo vya kupimia kwa hospitali za nchi mbalimbali. Hospitali huvipiga mionzi ya Gray 2 kama inavyompiga mgonjwa, kisha huvirudisha vikasomwe kwenye maabara ya shirika hilo nchini Austria. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali hujulishwa na makosa hutafutwa. Ukaguzi huo hauigharimu hospitali fedha nyingi. Unaigharimu mtu wa kuupokea, kuufanya na kuukubali ukweli wake.

Kuna wanaodhani kazi hii ni ya nchi tajiri, kwamba sisi kwanza tupate mashine halafu mambo ya hesabu yatafuata. Historia ya skani ya CT inawasuta. Mwaka 1956, Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town iliachwa na mwanafizikia wake. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka matumizi ya vyanzo vya mionzi hospitalini yasimamiwe na mwanafizikia, basi hospitali ikamwazima mhadhiri wa chuo kikuu cha pale, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, kwa siku moja na nusu kwa wiki. Cormack alikaa na madaktari wakipanga tiba ya mionzi, akaona wanahesabu kana kwamba mwili mzima ni kitu cha aina moja, ilhali mfupa, pafu na misuli hupitisha mionzi kwa viwango tofauti. Akajiuliza: je, ukipiga mionzi kutoka pande nyingi, unaweza kukokotoa kilichomo ndani bila kupasua? Akafanya jaribio kwa kipande cha aluminiamu kilichozungushiwa mbao. Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na hazikumshughulisha mtu. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kujua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo jijini London mwaka 1971. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel.

Hospitali ya Afrika ilimpata mtu huyo kwa sababu sheria ilimlazimisha mkuu wake kumtafuta. Sisi tunayo Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na mamlaka yake, KNRA, hutoa leseni kwa wanaotumia mionzi. Kilichobaki ni kaunti kuona kwamba mwanafizikia ana kazi ya kufanya hata kabla LINAC haijafika.

Na kazi ipo leo. Hospitali zetu zina mashine za eksirei, za CT na za kupima matiti. Skani moja ya tumbo huweza kumpa mtu mionzi sawa na ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka mitatu hivi. Kwa mtu mzima mwenye uvimbe wa kutafutwa, faida inazidi hatari kwa mbali. Lakini mtoto akipigwa kwa mipangilio ya mtu mzima, amepewa mionzi asiyoihitaji, na hakuna atakayejua kama hakuna anayepima. Picha ikitoka na ukungu kwa sababu mashine haijarekebishwa, daktari wa Nairobi ataagiza irudiwe. Mgonjwa aliyebeba bahasha kubwa ya kaki kutoka Meru, akiilinda kwenye matatu isikunjwe, anaambiwa alipe upya, apigwe upya, asubiri upya. Mwanafizikia mmoja anayezunguka kati ya Meru, Chuka na Embu, akipima mashine na kuwapa wataalamu wa eksirei viwango sahihi, angeokoa fedha na siku nyingi kabla hatujamwaga hata ndoo moja ya zege.

Mtu huyo huyo angetusaidia kujua ni mashine gani tuitake na ipi tuiachie Nairobi. Chukua skani ya PET, inayoonyesha seli zinazokula sukari kwa pupa kama zifanyavyo seli za saratani. Inahitaji sukari iliyotiwa florini yenye mionzi, na florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110. KUTRRH inaitengeneza palepale hospitalini. Ukiipakia gari kuileta Meru, mwendo wa saa nne na zaidi, itafika hata robo haijabaki. Basi kwa kipimo hicho ni afadhali mgonjwa aende, kwa kuwa ataenda mara moja au mbili tu. Hali kadhalika CyberKnife, roboti ya mionzi iliyoko hapo hapo KUTRRH: inafaa wagonjwa wachache wenye uvimbe mdogo mahali pagumu. Gavana yeyote atakayetuahidi CyberKnife kwa ajili ya kaunti yake atakuwa ametuahidi pambo. Mahitaji ya wengi, yaani matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio, yanatoshelezwa na LINAC ya kawaida inayofanya kazi siku tano kwa wiki, pamoja na kifaa cha mionzi ya ndani kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Na tumeshaonja gharama ya kununua kwanza na kufikiri baadaye. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, MES, hospitali mbili kwa kila kaunti. Kuna wagonjwa waliofaidika, hasa wa figo. Lakini kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo, seneta wa Isiolo, jirani zetu, iliyoripoti mwaka 2020, ilieleza vifaa vilivyokaa bila kazi kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, majengo au wataalamu, huku kaunti zikikatwa fedha kila mwaka. Nchini Uganda, mashine pekee ya umma ya kobalti, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika mwaka 2016 isitengenezeke tena, na wagonjwa wa nchi nzima wakabaki bila huduma hiyo ya umma hadi mashine mpya ilipoanza kazi karibu miaka miwili baadaye. Hasara hizo zote mbili zilianza siku ya kupanga, mezani ambapo hapakuwa na mtu wa kuuliza mashine itapimwa na nani na itarithiwa na ipi.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba watu wanakufa sasa, na mwanafizikia asiye na mashine hamponyi mtu. Ni kweli hachomi mtu. Lakini chumba cha LINAC, chenye kuta za zege za unene wa mita moja hadi mbili na zaidi, kinaweza kujengwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mashine yenyewe kuagizwa kwa muda mfupi kuliko huo. Mwanafizikia haagizwi. Baada ya shahada ya kwanza ya fizikia anahitaji takriban miaka miwili ya shahada ya uzamili, kisha miwili mingine ya mafunzo hospitalini chini ya msimamizi kabla ya kuachiwa wagonjwa. Ndiye mwenye muda mrefu kuliko vyote katika mradi huu. Anayetaka mashine mwaka 2030 na ameanza na zege, ameanza na kilicho rahisi.

Pingamizi ya pili ni mshahara: kaunti itamsomesha, kisha hospitali ya binafsi Nairobi imchukue, au aende Ulaya. Hatari hiyo ipo, na dawa yake si kukaa bila mtu. Kaunti za eneo la Mlima Kenya zina jumuiya yao ya kiuchumi, ambayo mara nyingi tunaisikia kwenye picha za mikutano. Meru, Tharaka Nithi na Embu ziko kwenye barabara moja. Zinaweza kuajiri timu moja kwa mkataba wa pamoja, mshahara unaoeleweka na cheo kinachopanda. Tuna vyuo vikuu vya umma katika kaunti hizo, vikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, cha Chuka na cha Embu. Kila mwaka vinatoa vijana wenye digrii za sayansi ambao huishia kufundisha kwa muda, kuuza laini za simu au kusubiri. Kaunti zetu hutoa basari kwa maelfu. Basari 6 tu, za fizikia ya tiba, zenye mkataba wa kurudi kuhudumu miaka kadhaa, zingetosha kuanza. Nafasi za masomo zipo: kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kimekuwa kikifundisha shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba kwa vijana wa nchi zinazoendelea tangu 2014, na IAEA, chini ya mpango wake wa Rays of Hope uliozinduliwa Februari 2022, imeweka mafunzo ya wataalamu sambamba na vifaa.

Wakati vijana hao wanasoma, kuna kazi isiyosubiri. Hospitali za Nairobi zinazowachoma wagonjwa wetu ziwaambie waziwazi, kwenye barua ya rufaa, ni ratiba ipi inayowezekana, fupi au ndefu, na kwa nini. Skani zipelekwe kwa mtandao ili mgonjwa asafiri tarehe yake ya kuanza ikiwa imeshajulikana, asiende kulala mjini akingoja kuitwa. Mgonjwa aliyemaliza afuatiliwe Meru au Embu, kwa kuwa ngozi iliyobabuka inaweza kutazamwa na muuguzi wa karibu. Na ikiwa siku moja mashine itakuja, kila mwezi hospitali ibandike ukutani mambo manne: mashine ilifanya kazi siku ngapi, ilisimama siku ngapi, wagonjwa wangapi walimaliza vikao vyao kwa wakati, na matokeo ya ukaguzi wa mwisho wa dozi kutoka nje.

Mwaka ujao wa kampeni mabango yatakuwa na picha za mashine nyeupe zinazong'aa. Tukutane na wenye mabango hayo pale Makutano, ya Meru na ya Embu, tukiwa na maswali matatu: kwenye bajeti ya kaunti, nafasi ya mwanafizikia wa tiba iko ukurasa gani? Kijana gani ameshapelekwa kusoma, na anarudi lini? Na mama wa kutoka Igembe atalala Nairobi usiku ngapi kabla ya mpango huu, na ngapi baada yake? Asiyeweza kujibu la tatu kwa tarakimu, asituombe kura kwa jina la saratani.